Tendo na Malipo Yake: Kauli za Tamthilia ya Kiingereza Kando ya Kisa cha Liyongo wa Mto Tana

Utangulizi

Mwaka 1867 Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha Unguja kitabu kidogo kiitwacho Hadithi za Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na visa vinne vya Shakespeare, navyo havikufasiriwa kutoka katika tamthilia zenyewe. Vilitokana na masimulizi ya nathari ambayo Charles na Mary Lamb walikuwa wameyatoa London mwaka 1807 kwa ajili ya vijana. Kimojawapo kilikuwa kisa cha Mfalme Lear, baba aliyewagawia ufalme binti waliomsifu na kumfukuza binti aliyempenda. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1870, Steere huyo huyo alichapisha London mkusanyo wake mkubwa wa hadithi za Kiswahili, na humo akatia kisa cha Liyongo, shujaa aliyeuawa na kijana wa nyumbani mwake. Hivyo watu wawili waliosalitiwa na damu yao wenyewe waliingia katika vitabu vya Kiswahili vya herufi za Kirumi kwa mkono wa mtu mmoja na karibu wakati mmoja. Wa kwanza alitoka Uingereza. Wa pili alitoka mlangoni mwa Mto Tana.

Makala hii inakusudia kuviweka pamoja visa vya namna hiyo mbili na kuvihoji kwa swali moja: tendo likishatendwa, ni la nani, na malipo yake humwangukia nani? Tamthilia ya Kiingereza ya zama za Shakespeare imesifiwa kwa kauli zake juu ya jambo hili, na nyingi kati ya hizo zimekuwa kama methali kwa wasemaji wa lugha ile. Kisa cha Liyongo nacho kina jibu lake, ingawa jibu hilo halikutolewa kwa hotuba. Kutofautiana kwa majibu hayo kunagusa jinsi kisa cha Liyongo kinavyosomwa na kufundishwa leo, hasa katika nchi kilikozaliwa, yaani bonde la chini la Tana, kutoka Garsen hadi Kipini.

Jina la fani na maana ya kutenda

Inafaa kuanza na lugha. Neno utenzi, ambalo Kiamu hulitamka utendi, linatokana na kitenzi tenda. Badiliko la sauti linafuata kanuni ile ile inayozaa mpenzi kutokana na penda, na mlinzi kutokana na linda. Waswahili wa kale waliutaja utungo wao mrefu wa masimulizi kwa jina la kutenda. Kwa upande wa pili, neno ambalo Waingereza na mataifa mengine ya Ulaya hulitumia kwa tamthilia asili yake ni Kigiriki, na maana yake ya awali ni kutenda vile vile. Fani mbili zilizokua mbali sana, moja jukwaani na nyingine katika sauti ya mghani, zilipewa jina kutokana na jambo moja.

Kiswahili kina utajiri mwingine katika mzizi huu. Mtu hutenda, hutendwa, hutendewa, hutendana na wenzake, hujitendea mwenyewe. Kwa kuongeza silabi moja tu tendo linahama kutoka kwa mtendaji hadi kwa mwathiriwa, au linarudi kwa mtendaji mwenyewe. Swali la tendo kuwa la nani limo ndani ya sarufi kabla halijafika katika fasihi.

Kauli za tendo katika tamthilia ya Kiingereza

Jumba la kwanza la kudumu lililojengwa kwa ajili ya tamthilia London katika zama zile lilifunguliwa mwaka 1576. Majumba yote yalifungwa kwa amri ya Bunge mwaka 1642. Katika miaka hiyo 66 walitokea Kyd, Marlowe, Shakespeare, Webster na Middleton. Walirithi mambo mawili. La kwanza lilikuwa michezo ya maadili ya Zama za Kati, ambamo roho ya mwanadamu ilivutwa huku na huku na wema na uovu. La pili lilikuwa tanzia za Seneca, Mrumi aliyependa kufunga hoja kwa kauli fupi yenye makali. Wasomaji wa siku zile walikuwa na desturi ya kunakili kauli kama hizo katika madaftari yao, na wachapaji wengine walitia alama pembezoni mwa mistari yenye hekima ili msomaji asiipite. Kwa maneno mengine, mstari mzuri wa tamthilia ulitarajiwa kung'olewa na kutembea peke yake, kama methali itembeavyo.

Mfano ulio mkubwa ni Macbeth, tamthilia inayodhaniwa kuwa ilichezwa kwa mara ya kwanza karibu na mwaka 1606 na kuchapishwa mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo cha mtunzi. Kabla ya kumwua mfalme wake, Macbeth anajiuliza kama kulitenda jambo kungekuwa ndiyo mwisho wa jambo. Kama pigo moja lingeweza kuyafunga matokeo yake yote, angekuwa tayari kuhatarisha akhera. Kinachomtisha ni kuwa hukumu ya mambo ya namna ile hutolewa hapa hapa, na kuwa sumu humrudia aliyeichanganya. Mswahili hahitaji maelezo marefu kuielewa hofu hiyo. Husema: malipo ni hapa hapa duniani, akhera ni kwenda hesabu. Husema tena: mchimba kisima huingia mwenyewe.

Katika tamthilia hiyo hiyo Lady Macbeth anasema mara mbili jambo ambalo kwa maneno ni karibu moja, yaani kwamba lililotendwa limekwisha kutendwa. Mara ya kwanza anamtuliza mumewe: lisilo na dawa halifai kufikiriwa. Mara ya pili yumo usingizini, anatembea huku akiyasugua mikononi mwake madoa ambayo wengine hawayaoni, na maneno yale ya faraja yamekuwa kilio. Mtunzi hakubadili wazo, alibadili saa ya kulisema. Methali ya Kiswahili isemayo maji yakimwagika hayazoleki ina sura mbili hizo hizo. Kinywani mwa mzee anayemliwaza aliyefikwa na hasara ni maneno ya subira, na kinywani mwa aliyeyamwaga ni majuto.

Mfano wa pili ni The Changeling, tamthilia ya Middleton na Rowley ya mwaka 1622. Beatrice, binti wa ukoo mkubwa, anamtuma mtumishi De Flores amwue mchumba asiyempenda. Kazi ikiisha anataka kumlipa fedha na kumwondoa, akimkumbusha tofauti ya nasaba zao. De Flores anamjibu kwamba nasaba hiyo haipo tena: tendo ndilo lililomzaa upya, nalo limewafanya wawili hao sawa. Wazo hili ni zito kuliko lile la kulipwa. Adhabu ya kwanza ya mtenda ni kubadilika kuwa mtu ambaye tendo linamtaka awe, na hutokea kabla ya hakimu yeyote kuketi.

Katika mifano hii kauli ya tendo imetiwa kinywani mwa wale waliolitenda. Macbeth anaisema peke yake, mkewe anaisema usingizini, na Beatrice anaambiwa na mshirika wake faraghani. Tanzia ya Kiingereza imelijengea tendo nyumba ndani ya nafsi ya mtu mmoja, na mtazamaji husikiliza mlangoni. Raia wanaoteseka kwa udhalimu wa Macbeth wamo katika tamthilia, na vilio vyao vinasikika, lakini mistari inayokumbukwa zaidi ni ya muuaji.

Liyongo na mlango wa Tana

Tarehe za Liyongo hazijakubaliwa na wataalamu. Wapo wanaomweka katika karne za mwanzo za Uislamu pwani, na wapo wanaomleta hadi karibu na karne ya 17. Mahali pake pana uhakika zaidi. Masimulizi yanamweka Shaka na Ozi, karibu na Kipini, na wenyeji wa huko huonyesha panaposemwa kuwa kaburi lake. Alice Werner, aliyezuru pwani na bonde la Tana kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alikusanya habari zake huko na kuzichapisha mwaka 1926. Nakala ya utenzi wake inayojulikana sana inanasibishwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu, nayo ni ya mwaka 1913. Mwaka 1999 M. M. Mulokozi aliuhariri utenzi huo pamoja na Al-Inkishafi na ule wa Mwana Kupona katika Tenzi Tatu za Kale. Wapokomo pia wana masimulizi yao juu ya shujaa huyu.

Nchi yenyewe ni nchi ya maji yanayobadili njia. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni ili mitumbwi ipate kupita kati ya Tana na mto Ozi. Baadaye maji mengi ya Tana yakaufuata mfereji huo, na mlango mkuu wa mto ukawa Kipini. Waliochimba walitaka njia ya mitumbwi wakauhamisha mto. Chini zaidi, maji ya bahari hupanda mtoni wakati wa kujaa, kiasi kwamba watu wa Ozi na Kipini wanajua vizuri tofauti ya maji yaliyopo na maji yanywekayo. Kisa kinachoishia kisimani kilizaliwa mahali panapostahili.

Kwa ufupi kisa ni hiki. Liyongo ni mtu wa nguvu zisizo kifani na mshairi. Sultani wa Pate anamwogopa. Waoromo, ambao tungo za kale huwaita Wagala kwa jina ambalo wenyewe hawalipendi, wanafika Pate kununua chakula, wanasikia sifa zake, wanamwona, na wanataka apate uzao kwao. Liyongo anaoa kwao na kupata mtoto wa kiume. Sultani anawatumia Wasanye na Wadahalo wamwue kwa hila wakati wa kula kikoa cha makoma, lakini Liyongo anaitambua hila. Anafungwa gerezani, naye kwa wimbo anampelekea mama yake habari kupitia kwa kijakazi Saada. Mama anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, ambao walinzi hawautamani. Usiku wa ngoma ya gungu, vishindo vikiwa vingi, Liyongo anakata minyororo na kutoka.

Hapo Sultani anageukia nyumbani mwa Liyongo. Anamwahidi mwanawe cheo na mke kutoka katika jamaa yake iwapo ataijua siri ya mauti ya baba. Wasimulizi wengine husema kijana huyo alikuwa mpwawe. Anakwenda, anauliza, na Liyongo, ingawa anahisi kilichomleta, anamjibu: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kijana anarudi kwa Sultani, anapewa sindano, na siku moja anamchoma baba yake akiwa amelala.

Kisima

Liyongo anaamka na maumivu, anachukua upinde na mishale, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuvuta upinde kana kwamba analenga. Katika hali hiyo anakata roho. Watu wa mji wanamwona kwa mbali na hawathubutu kukaribia. Siku zinapita, hakuna anayeteka maji. Wanamwomba mama yake amsihi, naye anasimama mbali akimwimbia ili hasira yake ipoe. Hajibu. Hatimaye mwili unaanguka, watu wanasogea, na ndipo wanapoiona sindano. Kuhusu kijana masimulizi yanatofautiana: mahali pengine anakamatwa na kuuawa bila kupewa alichoahidiwa, pengine anafukuzwa, anadhoofika na kufa kwa fedheha.

Mtu aliyezoea tanzia ya Kiingereza atatafuta hapa hotuba ya muuaji. Hataipata. Kijana hajiulizi hadharani kama pigo moja litayafunga matokeo yote, wala hatembei usingizini akisugua mikono. Simulizi inamwacha na kugeuza uso kuelekea kisimani. Hapo ndipo penye tofauti kubwa ya fani hizi mbili. Macbeth anawaza kuwa maji ya bahari yote hayatamtakasa mkono, na mkewe anadhani maji kidogo yatatosha. Katika fikra zao wote wawili maji ni kipimo cha dhambi ya mtu binafsi. Katika kisa cha Liyongo maji ni maji. Tendo la mtu mmoja limeziba kisima cha mji, na wanaopata kiu ni wanawake na watoto ambao hawakuishika sindano wala hawakuwa na habari nayo.

Hivyo jibu la kisa cha Liyongo kwa swali la makala hii lina sehemu mbili. Malipo ya tendo humwangukia kila mtu, tena huwaangukia kwanza wasiohusika. Lakini tendo lenyewe halisambazwi hivyo. Mara tu sindano inapoonekana kila mtu anajua ni ya nani na ilitoka kwa nani. Ushahidi umo mwilini, na ni wa kitu kimoja kidogo cha shaba. Mji mzima unapata kiu, lakini mji mzima haushitakiwi.

Kauli zilipovuka bahari

Hadithi za Kiingereza za mwaka 1867 zilileta kwa Waswahili matendo ya Shakespeare na matokeo yake, lakini kauli zake nyingi zilikuwa zimekwisha kuyeyushwa katika nathari ya akina Lamb. Ilichukua takriban miaka 100 kauli zenyewe kufika. Julius Nyerere alitoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969, mwaka aliotoa pia Mabepari wa Venisi. S. S. Mushi alitoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Katika miaka michache Kiswahili kilipata hotuba ya Brutus mbele ya umati na hofu ya Macbeth mbele ya mlango wa mfalme.

Kazi ya watafsiri hao imejadiliwa mara nyingi kwa upande wa mizani na msamiati. Jambo lililojadiliwa kidogo ni kwamba walileta pia mtindo wa kulihukumu tendo kutoka ndani. Hotuba ya mtu anayejihoji peke yake, kabla na baada ya kutenda, haikuwa na nafasi kubwa katika utenzi wa kale, ambamo mghani husimulia na wahusika hujibizana. Mtindo huo ni faida kwa fasihi ya Kiswahili. Hata hivyo hautakuwa faida ukifanywa kipimo cha pekee, hivi kwamba mwanafunzi aone kisa cha Liyongo kimepungukiwa kwa sababu muuaji hakujieleza. Mshairi wa utenzi alikuwa na sababu ya kumnyamazisha: aliyetaka asikike ni mama anayeimba kwa mbali, na watu wenye ndoo tupu.

Damu na tendo

Kuna usomaji mmoja wa kisa hiki unaohitaji kupingwa. Kwa kuwa kijana alizaliwa na mama wa Kioromo, wapo wanaoelekea kuuona usaliti wake kama kazi ya damu ya ugenini: Liyongo aliolewesha uadui ndani ya nyumba yake, nao ukamwua. Usomaji huo ni mwepesi kukumbukwa, na ndiyo maana ni wa hatari. Utenzi wenyewe hauuthibitishi. Waoromo wa kisa walimtaka Liyongo kwa kumstahi, wakataka awe wao kwa uzao. Hila zote zilipangwa katika baraza la Pate, na Sultani aliyezipanga alikuwa wa dini moja na lugha moja na Liyongo. Sindano ilitoka mjini.

Jambo hili lina uzito wa pekee Garsen, mahali ambapo barabara ya Malindi kwenda Lamu hukutana na Tana, na ambapo Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji huuziana mazao na mifugo. Waorma ni katika jamaa ya Waoromo wanaotajwa katika masimulizi ya kale ya Tana. Wakati wa kiangazi ng'ombe hutafuta njia za kushukia mtoni, ambazo huku huitwa malka, na njia hizo hupita katika mashamba ya kando ya mto. Mwaka 2001 ugomvi wa maji, malisho na ardhi ulizaa mapigano, na ulizaa tena kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, ambapo zaidi ya watu 100 waliuawa. Shambulio katika kijiji kimoja lilifuatwa na shambulio katika kijiji kingine, na waliouawa walikuwa wengi wao watu ambao hawakushambulia mtu.

Kisasi cha namna hiyo kina sarufi yake. Hulitwaa tendo la watu wachache na kulifanya la ukoo mzima, kisha hulilipa kwa yeyote wa ukoo ule atakayepatikana. Mla mbuzi hulipa ng'ombe, husema methali, lakini methali inamtaja mla mbuzi, haimtaji jirani wa mla mbuzi. De Flores alimwambia Beatrice kuwa tendo limemtoa katika nasaba yake. Ukiondolewa ukatili wa msemaji, hoja hiyo ina haki ndani yake, kwa kuwa inafuata kwamba nasaba haiwezi kushitakiwa badala ya mtenda. Kijana wa Liyongo alipoipokea sindano hakuwa tena mwana wa Liyongo wala mjukuu wa Waoromo. Alikuwa mtu wa sindano ile, pamoja na Sultani aliyempa.

Hitimisho

Tamthilia ya Kiingereza imeiachia dunia kauli zisizosahaulika juu ya mtu anayelitazama tendo lake na kuona kuwa halirudi. Kiswahili kimezipokea kauli hizo kwa mikono ya Nyerere na Mushi, na methali zake zilikuwa tayari kuzilaki. Kisa cha Liyongo hakishindani nazo katika ufundi wa kuifunua nafsi ya mtenda. Kinaongeza jambo ambalo tanzia ile imeliweka pembeni, yaani hali ya wale wanaolipia tendo wasilolitenda, na haja ya kuiona sindano kabla ya kumtaja mwenye kosa. Anayekifundisha kisa hicho Garsen, Ngao au Witu, mbele ya darasa lenye watoto wa Kipokomo, wa Kiorma na wa Kiswahili, hana budi kuwafikisha kisimani, kisha awaulize sindano ilitoka kwa nani.